Kumfundisha mzamiaji wa Tanga ribriza na heliamu: anza kwa kumvua kiburi cha pumzi

Kijana aliyekulia Kigombe au Mwambani, kitu cha kwanza anachojivunia baharini ni pumzi. Anashuka kutafuta jongoo bahari au pweza bila mtungi wala nini, anakaa chini mpaka nyie mliobaki kwenye ngalawa mnaanza kutazamana, afu anaibuka anacheka. Sasa huyohuyo ndo anakuja kujifunza ribriza, ile mashine ya kuzamia inayokurudishia pumzi yako mwenyewe, na kila mtu anadhani atakuwa mwepesi. Kumbe ndo mgumu kuliko wote. Miaka yote amejizoesha kuipuuza ile hamu ya kuvuta hewa, na kwenye ribriza hamu hiyo ndo kengele ya mwisho kabla hujazimia. Kwa hiyo mi siku hizi sianzi na mashine, naanza na hiyo tabia.

Naandika kwa walimu wenzangu na vijana wanaosaidia mafunzo, wenye cheti chao tayari. Kama huna cheti soma tu upate picha, usiende kuazima mashine ya mtu ukajaribu mwenyewe, ribriza haina huruma na wajuaji.

Kwa wageni wa hii kitu kwa kifupi: ukizamia na regulaita ya kawaida, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi, kila pumzi unaitoa inaenda juu na mapovu. Mita 60 presha ni bar 7, kwa hiyo aliyekuwa anatumia lita 20 kwa dakika juu, kule chini anatumia 140. Lakini mwili wenyewe unachotaka ni oksijeni kama lita moja kwa dakika, moja na nusu ukipiga mateke sana, na hiyo haibadiliki uwe mita 5 au mita 100. Ribriza inakurudishia pumzi yako mwenyewe: hewa inazunguka kwenye lupu, yani mabomba na mifuko ya mashine, inapita kwenye chokaa inayofyonza kabondaioksaidi, sensa tatu zinapima oksijeni, ikipungua mashine inaongeza kutoka mtungi mdogo wa oksijeni, na kuna mtungi mwingine wa gesi ya kujazia, tunauita dailuenti, ndo huo unaowekewa heliamu.

Na heliamu si starehe. Watu wanajua kwamba naitrojeni ya kina kirefu inalewesha, mtu mita 60 kwa hewa ya kawaida anaweza kuangalia geji yake na asielewe anachokiona. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni uzito wa gesi. Hewa ya kawaida ina gramu kama 1.29 kwa lita, mita 60 zinakuwa gramu 9, yani unavuta kitu kama uji, mapafu yanachoka kuisukuma, kabondaioksaidi inabaki mwilini hata kama chokaa ni nzima kabisa. Watafiti Gavin Anthony na Simon Mitchell walipendekeza usipite gramu 5.2 kwa lita na 6.2 uione kama ukuta. Mi kwa mita 60 natumia mchanganyiko wa oksijeni asilimia 16, heliamu 55, nyingine naitrojeni. Piga hesabu: inatoka kama 4.8. Na ulevi wake unakuwa sawa na mtu aliye mita 21 au 22 na hewa. Mpiga mbizi wetu mwenye tabia ya kuikalia pumzi ukimpa gesi nzito umemuua mara mbili.

Bei sasa. Ukizamia na mtungi wa kawaida dakika 20 mita 60 unatoa lita 2800 za gesi, heliamu humo ni 1540, zote zimeenda na mapovu. Mtungi wa dailuenti wa lita 3 ukiujaza bar 200 heliamu yake ni lita 330 na unarudi bado ipo. Ndo maana bila ribriza mafunzo haya huku kwetu yangebaki ndoto. Heliamu tunanunua ya kuagiza, inauma, na hapohapo nchi yenyewe inayo, ile ya Rukwa ilitangazwa tangu 2016 na wenzetu wa Sumbawanga wanatutania kwamba tumekaa juu ya puto.

Siku mbili za kwanza hamna maji kabisa. Wanafunzi wananuna, wamekuja na mapezi yao, we waweke kwenye meza. Kitu cha kwanza kabisa wanawe mikono kwa sabuni, na uwaulize nani amepaka mafuta. Hapa mtu anaamka anajipaka mafuta ya nazi mpaka viwikoni, afu anataka kushika vali ya oksijeni. Mafuta na oksijeni ya presha kubwa ni moto, wala haihitaji kiberiti. Mi nina ndoo na sabuni ya kipande mlangoni, asiyenawa haingii, nimeshamrudisha hata mgeni wa heshima.

Halafu kufungasha chokaa. Hapa nakaa sana manake ndo pumzi yenyewe. Mwambie mwanafunzi akumbuke mwenye duka anavyopima mchele kwa kibaba, yule mwaminifu anamimina, anagonga ubavu, mchele unashuka, anaongeza, anagonga tena. Ndo hivohivo. Mimina kidogo, gonga pande zote taratibu, ongeza, gonga, mpaka ukiutikisa mkebe husikii chembe zinacheza. Ukiacha uwazi, hewa inapita njia ya mkato bila kusafishwa, kama tui kwenye kifumbu kilichotoboka, juu unaona kizuri chini machicha yamepita. Fanyia nje kwenye upepo, kinga pua na macho, lile vumbi linawasha. Afu bandika plasta juu ya mkebe, andika tarehe na dakika zilizotumika. Mkebe wa kilo mbili na nusu watu wanauhesabia kama masaa matatu lakini we fuata kitabu cha mashine yako, na kina na baridi vinapunguza. Chokaa iliyolowa au usiyoijua historia yake unamwaga, hata kama ni ya jana na hata kama ni ghali. Kuna mwanafunzi aliniambia mwalimu si bado nyeupe. Rangi haikwambii kitu ndugu yangu.

Sensa. Kila moja inatoa milivolti kidogo, ukiwa kwenye hewa labda 10. Kwenye oksijeni tupu inatakiwa iongezeke kama mara 4.76, basi iliyotoa 10.2 hewani itegemee 48 na ushee. Mwanafunzi aandike kwenye daftari, sensa zote tatu, kila siku, kwa mkono wake. Ile inayotoa 41 wakati wenzake wako 48 imechoka, itolewe, na usiihifadhi "ya akiba" manake kuna siku itarudi kwenye mashine. Joto letu linazimaliza haraka, ukiacha mashine kwenye gari Tanga mwezi wa pili saa nane mchana umezichemsha. Na waelewe hili: kompyuta inapiga kura. Sensa mbili zikikubaliana inaamini hizo inaitupa ya tatu. Waongo wawili wanamshinda mkweli mmoja, hilo halihitaji maelezo mengi kwa Mtanzania.

Kuchanganya gesi napita haraka manake wengi mna fundi wenu: kwa bar 200 ya ule mchanganyiko wangu heliamu bar 110, oksijeni 17, hewa safi 73, gesi za kweli hazitii hesabu kikamilifu kwa hiyo acha ipoe afu pima oksijeni na heliamu zote mbili. Anayezamia na mtungi ndo anaupima, si mwalimu, si fundi. Anaandika kwenye plasta asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina lake. Mtungi usio na plasta ni chuma tu.

Kabla ya kila kuingia majini kuna dakika tano za kukaa na kupumua kwenye mashine, pua imefungwa, macho kwenye skrini. Zifanyeni lakini msidanganyike kwamba zitaonyesha kila kosa la chokaa, mtu anaweza kukaa dakika tano kwenye skraba mbovu, yani ule mkebe wa chokaa, asihisi chochote. Zinachoonyesha vizuri ni kama oksijeni imefunguliwa na kama mashine inaongeza. Utashangaa wangapi wanasahau kufungua vali.

Haya, maji. Tunaanza Raskazone mita 3 mpaka 5, asubuhi kabla upepo haujaamka, na nachagua siku za maji mafu. Bamvua maji yanakimbia na mchanga unapanda, mwanafunzi mpya haoni hata mkono wake, unamfundisha woga bure.

Hapa aliyezoea mtungi anaaibika. Kwa mtungi ukivuta hewa unapanda kidogo, ukitoa unashuka, ndo anavyoruka tumbawe. Kwenye ribriza hewa inatoka kwenye mifuko ya mashine inaingia mapafuni, jumla ni ileile, hupandi wala hushuki. Nimeona mtu mwenye mamia ya kuzamia anavuta pumzi ndeeefu kukwepa jiwe na anaenda kuligonga vilevile na kifua. Mwache agonge mchanga siku ya kwanza, kesho yake atajifunza kuelea kwa jaketi. Na asiwe anapanda na kushuka kama swala anayeruka, kila akishuka anaongeza dailuenti, kila akipanda anaimwaga, mtungi wa lita 3 unaisha kwa mchezo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kumwaga lupu na kuijaza dailuenti, manake ni swali lenye jibu. Uko mita 30, presha bar 4, dailuenti ni hewa yenye oksijeni 0.21, kwa hiyo sensa zinatakiwa zisome 0.84, yani 4 mara 0.21, ndo presha ya oksijeni peke yake. Mwanafunzi anaandika jibu kwenye kibao KWANZA, afu anamwaga, afu anaangalia. Sensa isiyokaribia 0.84 ndo mwongo wetu. Asipoandika kwanza atakubali namba yoyote itakayokuja, binadamu ndo tulivyo. Na ukiwa mita 6 mwaga na oksijeni tupu, zinatakiwa zikaribie 1.6, sensa inayokwama 1.2 imezeeka, haioni juu ya hapo, na hiyo ni hatari manake mashine itaendelea kumwagia oksijeni ikidhani bado haijatosha mpaka mtu adegedege.

Sasa turudi kwenye pumzi. Hatari ziko tatu na mbili kati yake hazipigi hodi. Oksijeni ikipungua huhisi kitu, unajisikia vizuri kabisa afu umelala, na inatokea sana unapopanda manake presha inashuka na oksijeni inashuka nayo. Oksijeni ikizidi inaweza kuja moja kwa moja kama kifafa. Kabondaioksaidi ndo peke yake inayokuambia, pumzi inakuwa fupi, kichwa kinagonga, roho inakosa raha bila sababu. Inakuambia kwa lugha ileile ambayo kijana wetu wa jongoo alijifundisha tangu ana miaka kumi kutoisikiliza! Kwa hiyo zoezi la kwenda beilauti, yani kuacha lupu na kupumua kwenye mtungi wa kawaida wa akiba, tunalirudia mpaka inakuwa kichefuchefu. Natumia kadi. Namwonyesha kadi imeandikwa 0.35, yani oksijeni imeshuka, au "kichwa kinauma", au mchoro tu wa mapafu, na hajui nitaonyesha lini, labda yuko anafunga kamba, labda anatazama samaki. Akishika kadi na kuanza kufikiri amefeli. Anatakiwa awe ameshafunga lupu na kuvuta kwenye regulaita ndo aanze kufikiri. Wapo walimu wanaofunga oksijeni ya mwanafunzi kwa siri ili "aone hali halisi". Mi siungi mkono hata kidogo, hali halisi ikija haina mwalimu pembeni anayejua nini kimefungwa, we onyesha kadi.

Na lazima afunge lupu kabla ya kuitoa mdomoni. Akisahau maji yanaingia, yanakutana na chokaa, anayevuta anapata maji ya magadi kooni. Hii naieleza mara moja tu na hawasahau.

Ngazi ziko hivi kwa mashirika mengi: kwanza hewa kama dailuenti mpaka mita 40, halafu heliamu mpaka 60, halafu ile ya mita 100. Katikati ya ya kwanza na ya pili mi nataka masaa 50 kwenye mashine ileile, si ya rafiki. Watu wanalalamika. Tanga ni waja leo waondoka leo, sawa, lakini si kwenye hili. Kuna jamaa alitoka mjini na hela yake taslimu anataka wiki moja aende mita 60, nikampa chai na vitumbua na tukaongea mambo mengine.

Kupanga kuzamia kwa mita 60, anza na swali la beilauti, si swali la kushuka. Mtu aliyepaniki namhesabia lita 40 kwa dakika. Dakika mbili chini kutuliza akili: 40 mara 7 mara 2, lita 560. Kupanda mpaka mita 21 kwa mita 9 kwa dakika, dakika kama 4 na kidogo, kina cha wastani mita 40, karibu lita 870. Jumla 1430. Mtungi wa lita 11 wenye bar 200 una 2200, unatosha na akiba. Mita 21 anabadilisha kwenda mtungi wa oksijeni asilimia 50. Mwanafunzi afanye hesabu hii kwa kalamu, programu ya simu ije baadaye kuhakiki. Setipointi, yani presha ya oksijeni unayoiambia mashine iitunze, ni 0.7 juu, 1.2 au 1.3 chini. Dailuenti ya asilimia 16 usiimwage kwenye lupu ukiwa juu ya maji, inabaki 0.16, uko kwenye ukingo. Hiyo ya mita 100 yenye asilimia 10 ndo kabisa, ukiivuta juu unalala kabla hujafika ngazi ya boti.

Vituo vya kupanda, yani kusimama njiani ili gesi itoke mwilini taratibu, vifuatwe kama sala. Daktari Haldane wa Uingereza alizitoa jedwali za kwanza 1908 baada ya kujaribu kwa mbuzi, mbuzi wenyewe ndo walioanza kuchechemea, kwa hiyo ukichoka kukaa mita 6 kumbuka kuna mbuzi alishakulipia. Kunywa maji mengi kabla, dafu si baya, supu ya pweza iache mpaka mrudi. Boti iwe na oksijeni ya kutosha ya huduma ya kwanza na nahodha ajue kusoma boya: la chungwa tuko sawa, la njano tuma mtungi, mi ndo rangi zangu, we chagua zako ila mkubaliane nchi kavu. Chemba ya presha ya kumtibu aliyeumwa kwa kupanda vibaya Tanga hatuna, ya karibu iko Zanzibar, na kabla ya wiki ya mita 60 unapiga simu kuuliza kama inafanya kazi na nani yuko zamu. Usipopata jibu usizame kina hicho.

Kila mwanafunzi mwishowe anauliza silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu. Tangu 2003 wavuvi wetu wanamnasa kwenye majarife ya kina, na 2009 ikawekwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Najibu hivi: Afrika Kusini, Sodwana Bay, mwaka 2000 wazamiaji wa mchanganyiko wa heliamu walimkuta hai mita 104, na msafara wa kurudi kumpiga picha mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo mwenzao mmoja hakurudi nyumbani. 2013 Laurent Ballesta na kikosi chake walimfuata kulekule kwa ribriza, mita 120 hivi, na walijiandaa kwa miaka. Kwetu ni ndani ya hifadhi, kibali kwanza, na mafunzo ya mita 60 hayamfikishi mtu huko. Wengine wananuna tena.

Mwaka juzi kijana mmoja wa Kigombe, wa aina ileile niliyoisema juu, mwenye pumzi ndefu kuliko wote, alifika siku yake ya mwisho ya mtihani. Mita 58, yuko vizuri, kapangilia kila kitu, nikawa tayari nawaza chakula. Ghafla akafunga lupu, akavuta beilauti, akanionyesha kidole kuelekea juu. Sikuwa nimetoa kadi yoyote. Tukapanda vituo vyote kwa mitungi, heliamu ya laki kadhaa ikaenda na mapovu, wenzake kwenye boti wakaanza kumtania kabla hajavua miwani, eti mzee wa jongoo kaishiwa. Akasema pumzi ilikuwa nzito kidogo, basi, kidogo tu, labda mkondo ulimchosha. Ufukweni tukafungua skraba. Chokaa kavu, imejaa vizuri, sensa zote tatu sawa, mashine haina tatizo lolote. Akaanza kuniomba msamaha kwa gesi. Nikamwambia alete daftari nimsainie.